Asiyekujua Hakuthamini: Mbuni wa Mwitu wa Milima ya Taita

Mpenzi msomaji, ukiwa mjini Voi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, hebu tazama upande wa Mwatate na Wundanyi. Utaona milima imejitanda ukungu. Hapo chini uliposimama ni nyika kavu, nchi ya migunga, mibuyu na vumbi jekundu. Kule juu, ambako kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, kuna misitu mibichi inayodondosha maji hata siku isiyo na mvua, kwa sababu majani yake huukamata ukungu utokao Bahari ya Hindi.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mti mmoja wa misitu hiyo. Ni mbuni, yaani mti wa kahawa, wala si yule ndege mwenye shingo ndefu tunayemwona Tsavo. Mbuni huu haukupandwa na mtu. Ni wa mwitu, na unapatikana mahali pachache sana duniani. Milima ya Taita ni mojawapo ya mahali hapo.

Wataalamu wanauita Coffea fadenii. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1982 na Bi. Diane Bridson, mtaalamu wa mimea wa bustani maarufu ya Kew, Uingereza. Sehemu ya pili ya jina ni heshima kwa Robert Faden, Mmarekani aliyekusanya mimea mingi nchini Kenya. Hesabu mwenyewe, msomaji: Kenya ilikuwa imekwisha kulima kahawa ya kuuza kwa miongo mingi, imejenga viwanda na vyama vya ushirika, lakini ndugu wa kahawa hiyo aliyekuwa amesimama Taita hakuwa hata na jina katika vitabu vya sayansi.

Huenda ukauliza, “Ala! Kwani wenyeji hawakuwa wakiuona?” Waliuona sana. Waliopita wakitafuta kuni waliuona, na wachungaji pia. Mwanasayansi akisema mti “umegunduliwa”, hana maana kwamba hakuna aliyewahi kuuona. Maana yake ni kwamba sasa umeandikwa, umepewa jina linaloeleweka Nairobi, Tokyo na London, na kwamba imethibitishwa si sawa na mti mwingine wowote uliokwisha kuandikwa.

Kazi hiyo si rahisi. Kwanza lazima lipatikane tawi lenye maua, na pia matunda, ambavyo mara nyingi havitoki kwa wakati mmoja. Anayekusanya huandika mahali alipolipata, kimo cha mlima, urefu wa mti, rangi ya maua na harufu yake, kwa kuwa mambo hayo hupotea tawi likikauka. Kisha hulibana katikati ya karatasi za gazeti, naam, gazeti kama hili ulilo nalo mkononi, mpaka likauke likiwa limelala.

Tawi hilo hupelekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile iliyoko katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Huko hulinganishwa na matawi mengine ya jamii yake, moja baada ya jingine. Kazi hii inaweza kuchukua miaka. Ikithibitika kwamba kweli mti ni mpya, maelezo yake huchapishwa, na tawi moja huteuliwa kuwa shahidi wa jina hilo siku zote. Hadi mwisho wa mwaka 2011 sheria ilidai maelezo hayo yaandikwe kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza pia kinakubaliwa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jina lina faida gani? Je, mti hauwezi kuishi bila jina la Kilatini?

Unaweza kuishi, lakini hauna mtetezi. Mti usio na jina hauwezi kutiwa katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Kampuni au ofisi ikitaka kufyeka msitu, hakuna atakayesimama na kusema, “Hapa kuna mti fulani usiopatikana kwingine.” Utahesabiwa kuwa kichaka tu, na kichaka hakina kesi.

Kwa mbuni huu kuna jambo jingine linalomgusa kila mkulima wa kahawa. Mwaka 1922 ugonjwa wa chulebuni, ule unaooza matunda mabichi ya kahawa, uligunduliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Kenya. Uliwatia wakulima hasara kubwa kwa miaka mingi. Ahueni ilikuja mwaka 1985 ilipotolewa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, yenye uwezo wa kustahimili ugonjwa huo. Nguvu hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa kahawa ya Rume, kutoka nyanda za Boma huko Sudan Kusini, na nyingine kwa chotara aliyejizalia mwenyewe katika kisiwa cha Timor. Nasaba hizo mbili za mbali ndizo zilizomwokoa mkulima wa Kiambu na Nyeri.

Sisemi kwamba mbuni wa Taita utaponya ugonjwa wowote kesho. Nasema kwamba akiba haiwekwi siku ya njaa. Mwaka 2019 wataalamu walipochunguza aina zote 124 za kahawa zilizojulikana wakati huo, walikuta kwamba asilimia 60 ya hizo za mwitu ziko katika hatari ya kutoweka. Ikitoweka aina moja, hakuna duka la mbegu litakaloirudisha.

Na nyumba ya mbuni huu ni ndogo. Msitu wa Ngangao, karibu na Wundanyi, una hekta 120 hivi, yaani kama ekari 300. Mbololo una kama hekta 200. Chawia haufiki hata hekta 100. Vipande hivi vimetenganishwa na mashamba na makazi, kama visiwa. Humo humo ndimo wanamoishi ndege wa Taita wasiopatikana popote pengine duniani, na ua la urujuani la Mbololo.

Labda utaniambia, “Lakini mbona milima bado ni ya kijani?” Hapo ndipo macho yanapotudanganya. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo chake Wundanyi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani tangu mwaka 1955 hadi 2004. Waligundua kwamba eneo lote lenye miti lilipungua kwa asilimia 2 tu. Lakini msitu wa asili ulipungua kwa nusu! Pengo lilizibwa na misonobari, saiprasi na mikaratusi, miti ya kigeni iliyopandwa kwa mbao na kuni. Ukitazama kutoka Voi ni kijani kile kile, lakini chini ya mkaratusi mbuni wa mwitu hauoti.

Hata hivyo, tusiilaumu miti ya kigeni kupita kiasi. Mama wa Werugha hawezi kuambiwa asipike, wala fundi asipate mbao. Miti hiyo ina kazi yake, na kazi yake ni shambani na mpakani, ili shoka lisiingie msituni. Kosa ni kuufyeka msitu wa asili ili kuipa nafasi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Isitoshe, kazi ya kuandika miti haijaisha. Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ndefu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania: Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa. Huko Udzungwa, mwaka 2019, Andrea Bianchi, Mwitaliano, pamoja na wataalamu wa mimea Aloyce na Ruben Mwakisoma, Watanzania wanaoijua misitu hiyo vizuri, walikuta mti wasioutambua. Si kichaka kilichojificha, bali jitu linalofika mita 40! Ulipewa jina la Tessmannia princeps mwaka 2025. Ulipatikana katika mabonde mawili tu, ukiwa na miti mikubwa ipatayo mia moja. Na msitu ulioutunza ni msitu wa kijiji.

Funzo liko hapo, msomaji. Mti wa mita 40 uliweza kupita karne nzima ya sayansi bila kuandikwa, na macho yaliyousaidia kuonekana yalikuwa ya wenyeji pia. Nani ajuaye kilichobaki Kasigau, Sagalla au Mbololo? Wadawida walikuwa na misitu yao ya fighi, isiyoguswa ovyo, na wazee wanajua ni mti gani unatoa utomvu, upi ni dawa na upi haufai hata kwa kuni. Maarifa hayo yanazikwa nao mmoja mmoja.

Kwa hiyo nina ombi la Jumapili. Kaeni na nyanya au babu, mtoto mmoja ashike daftari. Andikeni majina ya miti ya nyumbani kwenu kwa Kidawida, Kisagalla au Kitaveta, mahali inapoota, miezi ya maua na matumizi yake. Ikiwa chama cha jamii cha kutunza msitu kiko karibu nanyi, jiungeni nacho, kwani sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawapa wananchi nafasi hiyo. Na mkiona mti ambao hata nyanya hana jina lake, msiukate wala msiung’oe. Waambieni watu wa misitu au wa makumbusho waje wautazame.

Asiyekujua hakuthamini. Mbuni wa Taita ulipata jina kabla shoka halijaufikia wote. Mingine huenda bado inangoja zamu.

Hadi Jumapili ijayo, wasalaam.