Mdudu si Mdudu Tu

Wanafunzi wenzangu, sisi wa Nyamirambo wengi wetu kahawa twaijua kikombeni tu, na wengine hata kikombeni hawaijui, maana chai ndiyo itawalayo mtaa huu. Lakini likizo ikifika twaenda kwa babu na nyanya zetu milimani, na huko mkulima hulalamika juu ya kunguni wa kahawa.

Jina lake la kitaalamu ni Antestiopsis. Vitabu vya zamani vyamwita Antestia. Wataalamu walimtenga katika miaka ya 1950. Yule wa Rwanda aliyekuwa akiandikwa Antestiopsis orbitalis, sasa huandikwa Antestiopsis thunbergii. Kuna wasemao kwamba hayo ni majina ya kujitia uzungu tu: mdudu ni mdudu, mpulizie dawa. Mimi nakataa kabisa.

Tazameni. Huyu ana umbo la ngao, urefu wake haufiki sentimeta moja, rangi yake ya kahawia iliyokolea yenye mabaka ya machungwa na meupe. Vipapasio vyake vina pingili 5. Mdomo wake ni kama sindano nyembamba, ameulaza chini ya kifua. Hufyonza machipukizi, maua na buni mbichi. Na kwa tundu lile, wataalamu wasema, huingia vijidudu viipavyo kahawa harufu ya kiazi kibichi. Ila hiyo mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho. Hujulikana kikombeni, tena kwa mnunuzi wa mbali, naye mkulima ndiye ashushiwaye bei.

Sasa, katika mbuni uo huo huweza kukaa kunguni mwingine mwenye pingili 4 na mdomo mnene uliopinda. Huyo huua wadudu wenziwe akawala. Asiyewatofautisha humwua askari pamoja na mwizi. Tena wako nyigu wadogo mno watagao ndani ya mayai ya Antestiopsis, yale yapangwayo kama 12 pamoja chini ya jani. Dawa ikipulizwa ovyo, nao hufa.

Kwa hiyo naomba shule yetu iwe na sanduku la wadudu, lenye pini, vibandiko vya mahali na tarehe, na kioo cha kukuzia. (Sijasema tusinunue mpira!) Tuanze na vichaka vya Mlima Kigali hapo juu yetu, na likizo ijayo kila aendaye kwenye mibuni arudi na kichupa cha spiriti chenye wadudu. Mwalimu akikubali, vibandiko nitaviandika mimi.