Hatuwasomi Wapya

Hapa Doha tukikutana husema riwaya za upelelezi ziliisha na Musiba na Willy Gamba wake. Si kweli! Sisi ndio tulioacha kununua. Muhammed Said Abdulla naye aliwahi kuwa mgeni: Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya yake ya kwanza, ilishinda shindano la 1957-58, ikachapishwa 1960. Kuna watu walioketi wakasoma mswada wake. Katara, mjini humu humu, ilianzisha tuzo ya riwaya ya Kiarabu mwaka 2014, na hata miswada isiyochapishwa hupokelewa. Sisi tukitoka likizo tunabeba dagaa na unga hadi mizani inalia, ila kitabu cha mwandishi mpya ndicho kizito! Likizo ijayo kila mmoja wetu alete kimoja, cha mtu asiyemjua.