Doa Chini ya Wayo

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Baba yangu mdogo wa kule Kigonsera hakuyaficha maradhi yake. Aliyadharau tu, na matokeo yakawa yale yale.

Mzee huyu ni mkulima wa kahawa. Miaka miwili iliyopita aliona doa jeusi chini ya wayo wake, karibu na kisigino, lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Alidhani ni damu iliyovilia baada ya kuchomwa na mwiba. Doa halikuuma, basi akaendelea na jembe. Mwaka wa pili likatanuka, likapasuka na kuanza kutoa majimaji. Wenyewe nyumbani wakamsihi aende hospitali, naye akajibu, "Nikimaliza kuchuma nitakwenda." Baada ya kuchuma kukawa na kukoboa, na kuanika, na kupeleka kahawa katika chama cha msingi. Alipokwenda hatimaye, mtoki ulikuwa umevimba kinenani na hautaki kunywea. Madaktari walikata kipande kidogo cha nyama, wakakipima, wakaona kuwa ni saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na kwamba imekwisha kuhama kutoka mguuni.

Mwanawe, ambaye ni mfanyakazi hapa Dar es Salaam, alisikia kwamba Marekani wapo madaktari wanaoitibu saratani hiyo kwa chembe za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Akampigia baba yake simu: wauze shamba, nauli ipatikane. Nilipokwenda likizo na kumpa mzee shikamoo, aliniketisha chini ya mwembe akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, nieleze. Dawa hiyo ni ya kweli, au nitauza mikahawa bure?"

Ndugu msomaji, makala ya leo ni jibu nililompa mzee. Ninaliandika hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza, dawa hiyo ni ya kweli. Ndani ya damu yetu zimo chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Baadhi yake huingia ndani kabisa ya uvimbe wa saratani, kwa sababu zimekwisha kumtambua adui. Lakini huwa chache, tena zimechoka, na saratani ina hila za kuzilaza usingizi.

Nilimweleza mzee kwa mfano wa kitalu. Chulebuni ikishambulia shamba, mtaalamu hutafuta miti michache iliyostahimili, akaizalisha katika kitalu hadi miche iwe mingi, kisha akairudisha shambani. Ndivyo wafanyavyo madaktari hao. Hukata kipande cha uvimbe, wakazitoa zile chembe zilizomo ndani, wakazikuza maabarani kwa majuma kadhaa mpaka zifikie mabilioni. Wakati huo shamba nalo hufyekwa: mgonjwa hupewa dawa kali za kupunguza chembe nyeupe za zamani, ili zile mpya zipate nafasi. Kisha hutiliwa chembe zake mwenyewe kwa njia ya mshipa, na baadaye hupewa dawa ya kuzistawisha, iitwayo interleukini-2, ambayo ni kama mbolea.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Dakta Steven Rosenberg wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 20 wa melanoma iliyosambaa, 11 walipungukiwa na uvimbe. Mwaka 2022 madaktari wa Uholanzi na Denmark walitoa matokeo ya wagonjwa 168. Waliotibiwa kwa chembe walikaa takriban miezi 7 kabla ya ugonjwa kuendelea au mgonjwa kufariki, ilhali waliopewa dawa nyingine ya kuamsha kinga walikaa miezi 3. Mtu 1 kati ya 5 wa kundi la chembe aliona uvimbe wake wote ukitoweka. Mwezi Februari 2024 serikali ya Marekani iliidhinisha tiba ya namna hii kwa mara ya kwanza, kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilishindwa. Katika majaribio yaliyoleta idhini hiyo, uvimbe ulipungua au kutoweka kwa wagonjwa 23 kati ya 73.

Mzee aliuliza, "Na wale 50?" Swali hilo ndilo lenye uzito. Tiba hii huwasaidia wengine, si wote. Ni ngumu, kwani zile dawa za kufyeka na za kustawisha zenyewe zaweza kuua, na mgonjwa hapana budi awe na moyo na mapafu yenye nguvu. Nayo bei ya chembe peke yake, kabla ya gharama za hospitali, ni zaidi ya dola 500,000 za Marekani. Mikahawa ya mzee, hata ingeuzwa pamoja na nyumba na mbuzi, isingefika robo ya njia. Nikamwambia, "Baba, shamba usiliuze. Nauli ya Dar es Salaam tutachanga."

Safari hiyo ya kilomita zipatazo 1,000 ndiyo tuliyoifanya, hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba amepona. Anatibiwa, maumivu yamepungua, na ameweza kulala usiku.

Lakini sikia jambo hili. Doa lile lingalikatwa lilipokuwa punje ya mahindi, huenda hadithi ingalikwisha siku ile ile kwa kisu na nyuzi chache. Watu wengi hudhani kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba melanoma huwapata wao zaidi, lakini sisi wenye ngozi nyeusi ikitupata hupenda kujificha chini ya nyayo, viganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley, aliyeimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980, alionekana na melanoma kidoleni mwa mguu mwaka 1977. Alishauriwa akatwe kidole, akakataa. Alifariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Ndugu zetu wenye ualbino wana hatari nyingine. Saratani yao ya ngozi kwa kawaida ni ya aina tofauti, na hiyo huletwa na jua. Wao yafaa wavae kofia pana na mikono mirefu, na kujipaka mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi.

Basi leo Jumapili, mkiwa wote nyumbani, oshaneni miguu na mtazamane nyayo. Doa jeusi linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja. Mstari mweusi mpya chini ya ukucha unaozidi kupanuka. Kidonda kisichopona: usingoje msimu uishe. Na ukiwaandikia wazazi walioko shamba, au ukiwapigia simu, waulize habari za miguu yao kabla ya kuuliza habari za mavuno.

Baba mdogo amekwisha kuanza. Kila jioni huwapanga wajukuu barazani, akawaamuru wainue miguu, naye hupita na tochi akikagua nyayo moja moja.

Hadi Jumapili ijayo.