Nesi kupanda baiskeli kuna aibu gani?

1/10
Juzi niliandika hapa kwamba siku yangu ya ofu napanda baiskeli, nashuka bondeni polepole, nakaa chini ya mti, halafu narudi. Sina mzigo, sina haraka, sina mtu ninayemfuata. Mmenicheka kweli. "Sista, mshahara umeisha?" "Sista, kopa pikipiki." "Sista, hayo waachie Wazungu." Sawa, nimesoma yote na leo najibu. Msimamo wangu ni huu: mtu wa Kibondo au Kasulu ana haki ya kuizunguka nchi yake kwa baiskeli kwa starehe tu, na tunajinyima kitu chenye faida kwa sababu ya aibu isiyo na msingi.

2/10
Aibu yenyewe imetoka wapi? Wengi wetu tumesomeshwa na baiskeli. Phoenix ya mzee ndiyo iliyopeleka mikungu ya ndizi gulioni, ikabeba maharage, ikabeba asali ya porini, ikambeba mama mwenye uchungu usiku wa manane. Ada ya shule ilitoka kwenye karia. Hata hilo jina bodaboda mnaloringia lilianza na baiskeli: huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walibeba abiria kwa baiskeli tangu miaka ya 1960. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina. Sasa mtoto aliyesomeshwa na baiskeli akipata ajira, kitu cha kwanza anachokificha ni baiskeli. Anachukua pikipiki ya mkopo, marejesho yanamkosesha usingizi, mradi tu asionekane anakanyaga pedali. Hapo maskini ni nani?

3/10
"Sisi tunalima, mazoezi ya nini tena?" Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Mama aliyeinama na jembe tangu alfajiri simwambii akazunguke na baiskeli jioni. Kijana anayesukuma magunia ya mkaa mlimani, jasho linamtiririka, naye hahitaji mazoezi. Anahitaji kupumzika na bei nzuri ya mkaa wake.

Lakini wewe mwalimu, karani, mwenye duka, dereva wa bodaboda, na sisi wa hospitali tunaokaa mezani na makaratasi, shamba tunalimiwa na vibarua. Mita mia tano tunaita boda. Wikiendi ni kiti cha plastiki, nyama choma na chupa mpaka giza liingie. Tusijifiche nyuma ya jembe la mtu mwingine. Na mkulima naye, baiskeli iliyobeba gunia siku sita si vibaya siku ya saba ikambeba yeye mwenyewe, bila gunia.

4/10
Presha haipigi hodi. Wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote, wanakuja kwa jambo jingine kabisa ndipo inaonekana. Ukipimwa siku tofauti na ikawa inarudi 140/90 au zaidi, hiyo ni presha, usibishane na mashine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni safari mbili za baiskeli za saa moja na robo, basi. Wastani maana yake nini? Unaweza kuongea na mwenzako ila huwezi kuimba. Ndiyo maana nasisitiza polepole. Na kwa kuwa umekaa, uzito wako unabebwa na baiskeli, magoti hayapigwi kama unapokimbia.

Naomba nieleweke: baiskeli haichukui nafasi ya dawa. Dawa usiache. Kama kifua kinakubana, unapumua kwa shida au presha yako iko juu sana, njoo upimwe kwanza ndipo upange safari.

5/10
Sasa wanaume mnisikilize. Eti mwanamke akipanda baiskeli anaharibu kizazi! Kizazi kiko ndani ya nyonga, tandiko linakifikiaje? Eti msichana anapoteza ubikira! Kile kiwambo kinatofautiana kwa kila msichana, kinaweza kutanuka au kuchanika kwa mambo mengi, na hakijawahi kupima tabia ya mtu.

Angalieni jambo hili. Mwanamke akikaa kwenye karia, miguu upande mmoja, mtoto mgongoni, mwanaume anaendesha, hakuna anayelalamika. Mwanamke huyohuyo akishika usukani mwenyewe ndipo mila zinakumbukwa. Maana yake tatizo halikuwa baiskeli. Tatizo ni kwamba sasa anaweza kwenda na kurudi bila kuomba nauli.

6/10
"Huko bondeni kuna nini cha kuangalia?" Huu ndio ujumbe ulioniuma zaidi. Malagarasi unaanzia milimani karibu na Burundi, unakuwa mpaka wetu kwa sehemu, unazunguka hadi kwenye mabwawa makubwa ya mashariki, kisha unageuka kutafuta Ziwa Tanganyika. Mto unaizunguka nchi ya Waha kama mkono. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ya kwanza kabisa Tanzania, zaidi ya hekta milioni tatu. Kuna ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu ambaye watu wanavuka bahari kuja kumtafuta. Sisi tuliozaliwa huku mto tunaujua kwa mambo mawili: kuchota maji na habari za mamba. Mtoto wa Kitahana anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuuona mto huo kwa macho ya mtu aliyetulia.

7/10
Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Ni kweli Ulaya wanafanya, familia nzima na watoto wanafuata Mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, mpaka Vienna, wakilala vijijini njiani. Lakini majirani zetu Wanyarwanda wana njia ya Congo Nile ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Wageni wanapita kwa baiskeli, wananunua chai, wanalala nyumba za wageni, hela inabaki kijijini. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Milima yao na milima yetu ina tofauti gani? Wao waliacha kuona haya kabla yetu.

8/10
Kuna mmoja tu aliyeniambia jambo zito: "Sista, malori yatakuua." Huyo yuko sahihi. Lami imekuja, tunashukuru. Kabingo, Kibondo, Kasulu mpaka Manyovu, karibu kilomita 260, ni neema, wagonjwa wa rufaa wanajua. Lakini lami imeleta mwendo, na mtu wa baiskeli anasukumwa kwenye mtaro kwa honi. Majeruhi ninaowapokea mimi wengi hawakuwa wanatembea kwa starehe. Walikuwa wanatoka shambani au gulioni. Kwa hiyo hili si ombi la wapenda matembezi peke yao. Madiwani wetu, kila mnapokutana na watu wa barabara, ulizeni: mwenye baiskeli anapita wapi? Pembeni pa lami pawe na nafasi, pasifanywe maegesho ya malori wala sehemu ya kumwaga kokoto. Na barabara za vumbi za vijijini zichongwe kabla ya mvua za Novemba.

9/10
Wanaotaka kuanza, masharti yangu ni haya:
- Pita barabara za vumbi. Lami ikatize tu.
- Kagua breki, cheni na upepo. Beba pampu, viraka na gundi, pancha haichagui siku.
- Kofia ngumu kichwani. Ya pikipiki ni nzito lakini ni bora kuliko kichwa kitupu.
- Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani, lita moja na nusu au zaidi.
- Usioge wala kukanyaga maji yaliyotulia. Kichocho kinaingia kwenye ngozi bila maumivu.
- Kaa mbali na ukingo wenye matete. Kiboko na mamba hawajui kama uko likizo.
- Usiingie hifadhi wala kambi za wakimbizi bila kibali, na usivuke mpaka kwa kutembea tu.
- Rudi kabla jua halijazama. Mbu wa malaria wanaanza kazi giza likiingia.
- Nenda wawili au zaidi, na mwachie mtu nyumbani habari ya njia mnayopita.

10/10
Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, ardhi imekauka na asubuhi kuna ubaridi mtamu. Baba mwenye baiskeli ndani, Jumamosi hii iondoe gunia, mkabidhi mkeo aendeshe, wewe tembea pembeni mpaka azoee. Mwalimu, wapeleke watoto wauone mto kwa utaratibu, wakiwa na mtu mzima anayejua njia. Na ninyi wafanyakazi wenzangu mnaoona haya kwa niaba yangu, mimi nitaendelea kupita na Phoenix yangu, kengele ikilia. Mkiniona nisalimieni. Mkitaka kuja, nafasi ipo, ila mje na pampu yenu.