Mnawapigia makofi wezi?

Na Bi Msemakweli

Wiki hii kikao cha kamati ya harusi kiligeuka darasa la wizi. Kijana mmoja fundi wa kompyuta alitusimulia yaliyotokea Marekani Februari 2024: wahalifu waliingia kwenye mitambo ya Change Healthcare, wakafunga mafaili, wakadai fidia, wakalipwa dola milioni 22 kwa bitcoin. "Hiyo pesa haikamatiki," akasema. Watu wakapiga makofi! Hata shemeji yangu, aliyekuwa ametoka kumbana mweka hazina kwa risiti ya kreti mbili za soda, naye akapiga.

Nilipandwa na hasira, na mpaka sasa hazijashuka. Kampuni ile hupitisha madai ya bima za matibabu. Ilipozimwa, wagonjwa walifika duka la dawa bima haisomi; wengine ikabidi watoe za mfukoni. Cha kushangilia hapo ni nini, jamani?

Halafu ni uongo kwamba haikamatiki. Bitcoin ikihama, imeandikwa kwenye daftari linalosomwa na yeyote. Mwaka 2021 kampuni ya bomba la mafuta, Colonial Pipeline, ililipa wezi kama hao fidia ya bitcoin 75. FBI wakafuata nyayo na kurudisha 63.7. Ndiyo maana wezi hawalali: wanazikatakata, wanazichanganya na za wengine kwenye huduma kama ChipMixer, iliyofungwa Machi 2023, au wanazigeuza Monero, sarafu inayoficha nyayo.

Wafanye yote hayo, mwisho wa siku wanataka noti, na noti hutolewa na mtu. Ukiibiwa vioo vya gari usiku, kuna mwenye duka anayevinunua asubuhi bila kuuliza. Suex ya Moscow, iliyobadilisha sarafu hizi kuwa noti, ilikuwa duka la namna hiyo: Septemba 2021 serikali ya Marekani iliiwekea vikwazo, ikisema zaidi ya asilimia 40 ya miamala yake inayojulikana ilihusu wahalifu.

Kwangu mimi huyu anayewabadilishia noti ndiye mwizi mkubwa. Bila yeye, dola milioni 22 ni tarakimu tu kwenye skrini.

Lakini tazameni anavyodekezwa. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema Bitzlato, duka jingine la kubadilisha sarafu hizi, ilipokea zaidi ya dola milioni 15 za fidia za namna hii. Mwanzilishi wake, Anatoly Legkodymov, alikamatwa Miami Januari 2023, akakiri kosa, na Julai 2024 mahakama ikaona muda aliokwisha kukaa mahabusu unatosha. Miezi 18! Mimi nataka miaka.