Utulivu wa Lushoto: mgeni aje, mwenyeji naye apone

KWA Watanzania wengi, utalii maana yake ni Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mombo, yakashusha abiria wachache, na waliobaki huitazama milima ya Usambara kupitia dirishani tu. Kumbe kilomita 33 kutoka barabara hiyo kuu, baada ya kuipita Soni, upo mji wa Lushoto, wenye ubaridi, miti mirefu na ukimya ambao mkazi wa jiji amekwisha kuusahau.

Mji huo, ulio takriban meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, haukuanza leo kupendwa na wageni. Wajerumani waliokuwa wakikimbia joto na malaria ya pwani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao, na Waingereza waliowafuata nao waliupenda kwa mapumziko. Hata hivyo, mapumziko hayo yalikuwa ya watawala. Wasambaa wenye milima yao walikuwa vibarua.

Uzuri wenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Kutoka mjini hadi jabali la Irente ni mwendo wa miguu usiozidi asubuhi moja. Hapo ardhi hukatika ghafla, na chini kabisa huonekana Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai ikinyooka hadi macho yachoke. Upande wa pili upo msitu wa Magamba, wenye mbega na ndege wengi.

Lakini mgeni anayegeuka nyuma na kuyatazama makorongo aliyopita ataona jambo jingine. Karibu kila mteremko umelimwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika Wilaya ya Lushoto, Bumbuli ikiwamo, na wengi wao huishi kwa jembe. Kabichi, karoti, viazi na matunda ya huko hushuka kwa malori hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Msitu ukikatwa ili kupata shamba jipya, udongo huporomoka na chemchemi hupungua. Hasara hiyo haiishii mlimani. Mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, ndio unaolinywesha Jiji la Tanga.

Historia inaonya kuhusu njia ya kulitatua tatizo hilo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya udongo katika bonde la Mlalo, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta. Wakulima waliona kazi ngumu bila kuiona faida, wakapinga, na katika miaka ya 1950 mpango huo ukavunjika. Amri peke yake haikuweza kuulinda mlima. Mwenye mlima alihitaji sababu ya kuulinda.

Utalii unaweza kuwa sababu mojawapo, endapo tu fedha zake zitamfikia mkulima. Nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, lakini sehemu kubwa ya safari zao huelekezwa kaskazini na Zanzibar. Lushoto haina simba wala tembo wa kuonyesha. Inachouza ni njia za miguu zinazopita katikati ya vijiji na mashamba ya watu, na kwa hiyo mwenye shamba si mtazamaji katika biashara hiyo. Yeye ni sehemu ya mandhari inayouzwa.

Usambara ina mfano mchungu wa mali iliyoondoka bila malipo. Ua la Saintpaulia, linalopamba madirisha mengi ya Ulaya na Marekani, lilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892. Tangu hapo limekuwa biashara kubwa duniani, huku vijiji vya asili yake vikibaki na jina tu.

Ili kosa hilo lisirudiwe, halmashauri na vijiji havina budi kukubaliana mapema: nani aongoze wageni, kijiji kipate kiasi gani, na mapato yatangazwe hadharani. Hoteli nazo zinunue mboga, maziwa na matunda kwa jirani kabla ya kuagiza mbali. Barabara ya Mombo, nyembamba na yenye kona kali, ihudumiwe kabla ya masika, kwa kuwa mgeni na gunia la karoti hupita humo humo.

Wapo watakaotaka hoteli kubwa zijengwe haraka ukingoni mwa majabali. Hao wakumbuke kwamba anayepanda Lushoto hufuata ukimya, na ukimya ukishaondoka haurudishwi kwa bajeti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lushoto imekuwa na wageni kwa zaidi ya miaka 100. Sasa ni zamu ya mwenyeji.