Ajali Ina Kinga

Hakuna msemo uliotudhuru barabarani kuliko huu tuuandikao nyuma ya magari na kuukariri matangani, kwamba ajali haina kinga. Na madhara yake hayaonekani popote kwa uwazi kama katika safari za wanafunzi waendao michezoni, mitihanini au ziarani, kwa kuwa abiria wa safari hizo hawakulichagua gari, hawamjui dereva, wala hawana sauti ya kumwamuru apunguze mwendo.

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililowachukua wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha kwenda Karatu kufanya mtihani wa majaribio liliacha njia kwenye mteremko wa Rhotia, siku ya mvua, likatumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva; watoto 3 wakanusurika. Tulilia sote, na aghalabu tuliliwazana kwa kutaja kadari. Lakini mwenye kujumlisha atapata watu 38 ndani ya basi dogo, na mwenye shule alipofikishwa mahakamani, miongoni mwa mashtaka aliyosomewa lilikuwemo la kuzidisha abiria. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Hesabu ya viti ni ya waja.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani, wala sithubutu kuitikisa. Ninachokikanusha ni ule ujanja wa kumtwika Mola taksiri zetu. Litazame basi la shule likirejea kutoka UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi: watoto watatu wamebanana katika kiti cha wawili kwa hoja kwamba miili yao ni midogo, mikanda imeviringwa chini ya viti, ndoo na mabegi yameziba mlango, na dereva aliyeamka kabla ya alfajiri anaanza safari ya kurudi usiku, kisa mgeni rasmi alichelewa na hotuba zikarefuka. Lipi hapo lililokuwa nje ya uwezo wa binadamu? Maumbile yana kanuni zake: gari likitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa likafikia 80, nishati ya kishindo chake huwa mara nne, na mtoto asiyefungwa mkanda huendelea kwenda mbele kwa kasi ile ile hali gari limekwisha kusimama.

Watasema wenye shule kwamba gari la pili ni gharama, na kulala ugenini ni gharama zaidi. Ni kweli, basi shule isiyomudu kuwasafirisha watoto kwa salama na isiwasafirishe, maana hakuna kombe lenye thamani ya uhai wa mtoto.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kutia sahihi karatasi ya ruhusa, uliza gari lina viti vingapi na watoto ni wangapi, uliza kama mikanda inafungika, uliza dereva atapumzika wapi na kama watarejea kabla ya jua kuchwa. Usipojibiwa sawasawa, mzuie mwanao nyumbani.